Kibanda cha Mwisho, Karibu na Mawe

Mimi vibanda siviogopi. Naanza na hilo kwa sababu wapo wanaosema niliingia mle kwa kuwa najua mambo. Sijui jambo lolote. Niliingia kwa hasira, na kwa sababu mwanangu alikuwa anachemka.

Alikuwa na miezi tisa. Tulitoka Katandala, mtaani kwetu Sumbawanga, alfajiri, baridi ile ya Juni inayokukata masikio hata kama umejitanda, na mama yangu alimvika mjukuu wake kama tunavyovika watoto huku kwetu: fulana, sweta nene ya uzi aliyoifuma mwenyewe, kofia, soksi mbili mbili. Sumbawanga ukimtoa mtoto bila hivyo utasemwa mtaa mzima. Si mama wala mimi aliyekumbuka kwamba gari likishuka ukingo wa Ufipa kwenda ziwani, ni kama umehama nchi. Tulipofika Kasanga kupanda meli, mtoto alikuwa ameloa jasho mpaka kwenye mbeleko.

Nilikuwa nampeleka Kigoma kwa bibi yake, mama wa mume wangu, ambaye hakuwa amemwona. Mume wangu alisema mama yake haiwezi baridi ya kwetu, kwa hiyo twende sisi. Yeye hakuja. Ana kazi. Haya.

Siku ya pili asubuhi meli ilitia nanga kwenye kijiji ambacho sitakitaja. Mabaharia wakasema wanashusha saruji na kupakia dagaa mpaka alasiri, abiria wa daraja la tatu tushuke, tunawazibia njia. Tukashushwa kwenye boti kama magunia. Tukaambiwa pia tusiende mbali, honi ikilia haisubiri mtu.

Ufukweni palikuwa na vibanda sita vya matete, vimepangwa mstari, kila kimoja na mkeka wake. Wanakijiji huwakodisha abiria wa meli wapumzike. Wazoefu walivijua, na mimi nilipokanyaga mchanga vitano vilikuwa vimejaa. Miti ilikuwa mbali, juu kilimani. Mbele yetu palikuwa na mchanga, dagaa walioanikwa, na jua.

Cha sita kilikuwa peke yake mwisho kabisa, karibu na mawe. Kilikuwa kitupu, kimefagiliwa, na ndani yake kulikuwa na mkeka mpya na kikombe cha maji kilichofunikwa kwa kisahani. Kilichonishangaza ni watu. Abiria waliokosa vibanda walikaa juani, kanga kichwani, hatua chache tu kutoka kwenye kivuli kile, na wote walikuwa wamekipa mgongo. Kwenye mchanga wa kukizunguka hapakuwa na alama ya mguu hata mmoja. Alama za ufagio tu.

Nilishamvua mtoto sweta, kofia, kila kitu. Kichwa chake kilikuwa kama mfuniko wa sufuria jikoni. Alilia, halafu akaacha, na hapo ndipo nilipoogopa. Mtoto akilia bado unaye. Hakutaka ziwa wala dawa. Macho yalikuwa nusu wazi, weupe unaonekana.

Nikaenda kibanda cha tatu, ambako mfanyabiashara mmoja wa mchele, mtu wa umri wa baba yangu, alikuwa amejinyoosha na mke wake na mtoto wao mdogo. Nikaomba akunje miguu nimlaze mtoto. Akatazama rundo la nguo mkononi mwangu.

"Sweta hiyo yote, mama, ulikuwa unampeleka kulinda mahindi usiku?"

Watu wakacheka. Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Sumbawanga. Kicheko kikakatika, kisha kikarudi kidogo kidogo, si kile cha kwanza.

"Sasa unahangaika na nini?" akasema. "Kaa kile cha mwisho. Mtu wa Sumbawanga ataogopa nini?"

Utani huo nimeusikia maisha yangu yote. Nilisoma sekondari mkoa mwingine, na wapo wasichana ambao miaka minne hawakukubali kusimama mbele yangu kwenye foleni ya uji. Baba yangu analima ulezi na mahindi. Kitu pekee alichowahi kukigeuza ni udongo. Wazee wetu wanasema jina la mji wetu maana yake ni kutupa uchawi, lakini hakuna anayetania kuhusu kutupa.

Nikaenda kwenye kile cha mwisho. Nje yake, juani, mwanamke mzee alikuwa amekaa mchangani, kitenge kichwani, akitazama maji. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, nikauliza bei. Akasema zamani alikuwa anakikodisha, sasa hapana.

Alinieleza bila kunitazama. Mjukuu wake wa kike, miaka minne, alitoka na baba yake kwenye mtumbwi kutazama nyavu. Mtumbwi ukapinduka mchana kweupe. Baba alifika ufukweni. Mtoto hakufika. Siku hiyo ilikuwa ya nne. Kwao, maji yakimchukua mtu na hayajamrudisha, nyumba yake humwekea kivuli ufukweni, mkeka na maji ya kunywa, na hakikaliwi na mtu yeyote, hata mama yake mzazi, mpaka yeye apatikane. Akishapatikana ndipo wenyewe huingia wakakaa.

Nikasema pole, mama. Nikageuka. Hilo naliandika kwa sababu hakuna anayelisema: niliamua kutokukaa. Nilikuwa nimeshaondoka hatua kama kumi hivi.

Ni yule wa mchele aliyepaza sauti, kama mtu anayesaidia: "Bibi, huyo katoka Sumbawanga!"

Mzee yule akasimama. Akanifuata, akanishika kifundo cha mkono. Alikuwa amekaa juani tangu asubuhi na mkono wake ulikuwa wa baridi kama samaki.

"Wewe ni wa huko juu?"

"Ndiyo, mama, lakini..."

"Mlaze mtoto. Sitaki hela yako. Niulizie tu alipo."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia nimeishia kidato cha nne, nauza mitumba, hata ndoto zangu hazina maana. Akawa anatikisa kichwa taratibu, kana kwamba namwambia bei na yeye ameshakubali. Nikatazama nyuma. Watu wa vibanda vyote vitano walikuwa wanatutazama, na hakuna hata mmoja aliyekunja mguu. Kumlaza mwanangu kwenye mkeka wa mtoto aliyepotea, au kumbeba juani mpaka honi ilie. Ndivyo vitu viwili nilivyopewa.

Nikamlaza.

Mle ndani kulikuwa na baridi. Sisemi ubaridi wa kivuli. Kulikuwa na baridi ya kwetu, ya Juni, ile inayopanda kutoka chini. Nywele za mikono zilinisimama. Nikaketi pembeni ya mkeka, nusu yangu mchangani, kikombe sikukigusa, na nikampa mtoto ziwa. Safari hii alinyonya. Nikahisi kichwa chake kinapoa kwenye mkono wangu, polepole, kama chai iliyosahauliwa. Nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko shukrani.

Baadaye akakaa mwenyewe. Akageukia mawe yaliyokuwa majini, upande wa kushoto, na akainua mkono akawa anakunja na kukunjua vidole, vile anavyomfanyia baba yake akitokea mlangoni. Akacheka. Nikatazama. Maji yalikuwa yametulia, hapakuwa na ndege wala mtu. Nikamgeuza atazame kwingine. Akajirudisha mwenyewe, akaendelea kucheka.

"Anasemaje?" mzee akauliza kutoka nje.

Asingeondoka bila jibu. Kwa hiyo nilidanganya. Naliandika waziwazi: nilidanganya. Nilisema, "Kule kwenye mawe. Kati ya lile kubwa na lile lililopasuka." Nilitaja mawe kwa sababu mwanangu alikuwa anatazama huko na mimi nilikuwa nimechoka.

Hakunishukuru. Alikimbia kuelekea kijijini kama msichana.

Honi ililia kabla hajarudi. Tulipokuwa tunapanda ngazi ya meli niliona mtumbwi una wanaume watatu unatoka. Nilisimama kwenye ukingo na mtoto mgongoni. Mtumbwi ukaingia kati ya jiwe kubwa na lile lililopasuka. Mmoja akapiga mbizi. Akaibuka, akazama tena, akakaa sana. Kisha wale wawili waliobaki wakainama kwa pamoja, na wa mbele akavua shati, akalitandaza juu ya mikono yake.

Nilisubiri kusikia kilio ufukweni. Sikusikia. Niliona tu yule mzee anatembea, peke yake, bila haraka, mpaka kwenye kibanda cha mwisho. Akainama. Akaingia, akaketi.

Melini nilikuta benchi zima limeachwa wazi kwa ajili yangu, mahali ambapo asubuhi tulikuwa tunabanana watu watano. Yule wa mchele akaja na sahani ya wali na samaki, ameishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," akasema.

Yeye ni rika la baba yangu. Sikuitikia. Nilimwambia aondoe sahani yake, na aliondoka kinyumenyume. Baadaye mke wake akachuchumaa mbele yangu, akaninong'oneza kwamba ana kaka yake, alivuka kwenda Kongo mwaka juzi, hajaleta salamu. Nikamwambia sijui chochote, dada, nilibahatisha.

"Sawa, mama," akajibu, kwa sauti ile ya mtu anayekubaliana nawe ili usikasirike. Nilipomtazama mtoto wake mdogo, alimvutia kanga usoni.

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilimshusha mwanangu mgongoni. Joto lilikuwa lile lile, watu wanajipepea kwa vifuniko vya ndoo. Nikamshika mikono. Ilikuwa ya baridi, na alikuwa bado anatazama nyuma, kule tulikotoka, vidole vinakunja na kukunjua.

Nikatoa sweta aliyoifuma mama yangu, nikamvika na kofia, nikamfunga vifungo vyote mpaka shingoni. Safari hii hakuna aliyecheka.