Jani la Kaskazini kwenye Jiwe la Liwa

Mama alituma neno kutoka Mutsamudu, kisiwani Nzwani: baba asipoleta kitu chochote kabla ya Ramadhani, anakwenda kwa kadhi ndoa ivunjwe. Neno nililetewa mimi, maana baba hakuwa na anwani, alikuwa na bahari tu. Alikuwa baharia kwenye meli ya Wafaransa.

Mimi nilikaa Moroni, kisiwani Ngazidja, kwa shangazi, dada yake baba, kwenye chumba cha uani wanachowekwa vijana walioota ndevu. Zangu zilikuwa bado zinafikiria. Moroni waliniita mtu wa Nzwani, na nikienda Nzwani waliniita Mngazidja. Mchana niliwachekesha watu wa mtaa wa Badjanani mpaka wakashika mbavu. Nikirudi chumbani, niwachekeshe kunguni?

Siku moja akaja baharia mwenzake baba. Nikadhani kaleta kitambaa, au saa. Kaleta jiwe. Jiwe la kijivu, bapa, pana kama kiganja, na juu yake jani zima jeusi, mishipa yote unaiona, kingo zina meno kama msumeno. Akanieleza kwamba meli yao ilipakia makaa ya mawe kwenye kisiwa cha kaskazini kabisa, barafu tupu, huoni hata kijiti. Zamani sana kisiwa hicho kilikuwa na misitu na mto. Mto ukifurika unamwaga tope bondeni, majani yanafukiwa. Tope likaja likawa jiwe, jani likabaki humo. Hata makaa yenyewe, akasema, ni msitu uliokufa.

Nikamuuliza huko kaskazini watu wanakunywa nini. Ngazidja hatuna mto, maji yetu ni ya mvua, kwenye birika la saruji, na jiwe letu ni la volkano, jeusi, halina hata alama ya unyasi. Tope la mafuriko mimi sijawahi kuliona. Akasema baba amesema, "Ampe mama yake. Atajua."

Ijumaa nikaliacha barazani nikaenda kuswali. Niliporudi, shangazi kakaa kwenye mkeka, kalimwagia maji, anasugua kipande cha msandali juu yake. Uso wake wote umeshapakwa liwa, rojo la msandali la urembo, njano mpaka masikioni.

"Shangazi, hilo ni jani."

"Lilikuwa na uchafu, nimelisugua," akasema. "Kaka yangu ana akili. Jiwe laini hivi hulipati."

Jani lilikuwa limekwisha nusu. Kimebaki kikonyo na mishipa ya upande mmoja. Kumnyang'anya kulinichukua mabembelezo mengi.

Nikafunga safari kumpelekea mama. Bandarini kulikuwa na mamluki, Wazungu wenye nguo nyeusi, ndio waliokuwa wakishika nchi miaka ile. Mmoja akafungua mkoba wangu, akatoa jiwe, akaligeuza, akalinusa. Ulimi uliniwasha nimwambie ni bomu. Nikakumbuka nina mama. Akalirudisha, na mimi nikapanda boti nikatapika mpaka Mutsamudu.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Akalinusa na yeye.

"Hili linanuka mwanamke."

Nikamwambia ni shangazi. Nikaapa. Akasema tangu nizaliwe namletea mizaha, sasa achukue upi uwe ukweli? Kwa akili yake, baba ana mke Moroni, na huyo mke kachoka na jiwe lake kuukuu la liwa, likatafutiwa pa kwenda.

Kesho yake nikamfuata mtoni alikokwenda kufua. Usiku mvua ilikuwa imenyesha milimani, maji yameshuka, ukingoni limebaki tope laini. Nikabandua kipande. Chini yake jani la mfenesi, limelala, limejichora vilevile kama la kwenye jiwe. Mimi ndio kwanza naona. Nikampelekea mbio, nikamwekea jiwe pembeni yake, nikamwonyesha mishipa iliyobaki, nikamweleza kisiwa cha barafu chote.

Akaangalia muda mrefu, povu likimkauka mikononi.

"Haya, nakuamini," akasema. "Wifi yangu kasugua. Kumbe baba yako kaniletea jani lililofukiwa, nijue na yeye anajua nimefukiwa hapa." Akainamia nguo zake. "Jani linangoja kwa sababu halina pa kwenda. Mimi nina miguu, mwanangu."

Jumatatu nikamsindikiza. Kwa kadhi kulikuwa kumejaa watu kwenye mabenchi, wanasubiri zamu zao. Kadhi akamsikiliza mama mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi, mtoto wa mume, shahidi.

"Baba yako, tangu aondoke, ametuma nini kwa mama yako?"

Nikafikiria kudanganya. Nikamtazama mama, naye alikuwa ananitazama.

"Jiwe," nikasema.

Mabenchi yote yakacheka. Hata karani aliweka kalamu chini. Nikangoja wamalize, kisha kadhi akaniambia nirudie ili iandikwe, nikarudia.