Mlango wa Nesi Jumapili

Huku kwetu mtoto akiugua Jumatano ana bahati. Zahanati iko wazi, mganga yupo, na dawa ikikosekana utaambiwa imekosekana na mtu aliyevaa koti jeupe. Lakini akiugua Jumamosi baada ya adhuhuri, shauri yake, maana geti likishafungwa halifunguliwi mpaka Jumatatu, na sikukuu ikiangukia Jumatatu ndiyo basi tena. Kwa hiyo mtaa wetu ulijitafutia zahanati ya pili. Ilikuwa nyumba ya nesi mmoja wa zahanati hiyohiyo, yenye mlango wa kijani unaotazamana na kibaraza changu cha kusukia nywele.

Jina lake la kwenye cheti hakuna aliyekuwa na haja nalo. Tulimwita Nesi Jumapili.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake ya kufua. Ungemkuta uani kajifunga kanga kifuani, povu mpaka viwikoni, na mlangoni mtu anapiga hodi. Huyu mtoto wake kaunguzwa na uji, yule kajisokomeza punje ya hindi puani, mwingine anaharisha tangu jana na mama yake ndiyo kwanza anakumbuka leo. Nesi alijifuta mikono, akapokea mtoto. Marehemu mumewe alikuwa akitutania kwamba watu wengine wameoa wake, yeye ameoa hodi. Miaka yote niliyokaa mbele ya mlango ule sikuwahi kumwona akifukuza mtu, wala sikuwahi kumwona akila chakula cha Jumapili kikiwa moto.

Na mtaa ulimlipa nini? Ngoja niwaambie.

Nyumba ya pembeni anakaa fundi seremala, mkewe, na mama yake fundi. Huyo mama mtaa mzima tunamwita Bibi Redio, kwa sababu hazimwi. Habari ikiingia sikioni mwake asubuhi, kufika mchana imeshatoka kwa sauti ya juu na nyongeza mbili tatu. Mkwewe ni binti mpole, wa kuinamisha macho, aliyeingia nyumba ile akiwa na maneno machache na hata hayo akanyang'anywa.

Mtoto wao wa kwanza aliugua Jumapili. Fundi alikuwa safarini. Wakavuka barabara, Bibi Redio mbele, mkwe nyuma na kichanga mgongoni. Mimi nilikuwepo, nina kichwa cha mteja mapajani. Nesi alimtazama mtoto mara moja tu, akasema, "Huyu si wangu mimi. Huyu ni wa hospitali kubwa, na ni sasa hivi."

"Mwanangu," Bibi Redio akasema, "jua hili lote? Mpe japo sindano moja ya kutuliza tu. Kesho asubuhi tutampeleka."

"Mama, kesho ni mbali."

"Sindano moja tu! Nakupigia magoti!" Na kweli akapiga magoti, mwanamke wa umri ule, vumbini, watu wanatazama.

Nesi akalegea. Akampiga mtoto sindano ya kushusha homa, huku akirudia kwamba ile si tiba, kwamba lazima waende. Homa ikashuka. Mtoto akalala. Bibi Redio akarudi kwake akimsifu Nesi kila kibaraza alichopita, na hospitali kubwa hakuna aliyeitaja tena. Kabla hakujakucha mtoto alikuwa amekufa.

Msibani redio ikafunguliwa. "Sindano ile! Sindano ile ndiyo iliyommaliza mjukuu wangu! Alikuwa anacheka kabla ya sindano ile!" Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka palepale, nikangoja aseme na ile habari ya hospitali kubwa. Nangoja mpaka leo.

Habari zikafika zahanati. Mganga mkuu alimsimamisha Nesi mbele ya wagonjwa, benchi zimejaa, akamwambia akishika tena mtoto wa mtu nyumbani kwake, kazi hana. Akamtoa chumba cha sindano, akamweka mlangoni awe anaita majina. Nesi alikwenda nyumbani, akachukua sanduku la dawa alilokuwa akitibia watu, akalibeba kichwani mchana kweupe mpaka zahanati, akapita katikati ya barabara ili kila mwenye macho aone limeondoka. Wenye macho waliona, na wenye midomo wakasema ameficha dawa nyingine chini ya kitanda.

Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Sawa, lakini punda walau akishakupiga teke hakusimulii kisimani.

Mnadhani waliacha kupiga hodi? Walewale waliomsema Jumamosi kwenye bomba la maji, Jumapili walikuja kwa mlango wa nyuma, wamejitanda mpaka usoni. Yeye akawa anajibu jibu moja: sina dawa, siruhusiwi, nendeni hospitali kubwa. Wakaondoka wakisonya.

Kisha mke wa fundi akajaaliwa tena. Mtoto wa pili alikuwa na miezi minne ilipofika Jumapili ninayotaka kuisimulia.

Siku hiyo walianza zahanati. Getini pana kibao kipya, maandishi mekundu: DHARURA PIGA SIMU HII, na namba chini yake. Fundi alipiga. Simu ikaanza kulia, naye akaisikia kwa masikio yote mawili, moja ndani ya kifaa chake, lingine kupitia dirisha la zahanati iliyofungwa kufuli. Mlinzi alikuwa amekaa kivulini anachokonoa meno. Akamwambia, "Fundi, hiyo inalia humu ndani, mezani kwa mganga. Kila Jumapili inalia. Mimi nimeshaizoea."

Wakaja kwa Nesi. Mara hii wote watatu, na nusu ya mtaa nyuma yao, maana msafara wa namna ile haukosi wasindikizaji. Nesi hakufungua mlango. Alifungua dirisha, akasimama nyuma ya nondo.

"Mfunue kifua," akamwambia yule binti.

Binti akamfunua. Nilikuwa karibu, niliona. Kila mtoto alipovuta pumzi, chini ya mbavu palizama shimo, na vitundu vya pua vilitanuka. Hakuwa analia. Alikuwa akiguna kidogokidogo kama mtu mzima mwenye mzigo.

"Ziwa amelikataa tangu lini?"

"Tangu asubuhi, dada."

"Hospitali kubwa. Sasa hivi. Msipite nyumbani kuchukua chochote."

Hapo Bibi Redio akasogea mbele, akapanga kanga yake vizuri mabegani. Alikuwa amejiandaa. "Nesi," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wa nyuma, "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mimi nimeshakusamehe. Mbele za watu hawa nasema, nimekusamehe."

Yeye ndiye aliyesamehe! Nusura kitana kinidondoke.

"Sasa mpe japo sindano moja," akaendelea. "Moja ya kutuliza tu."

Maneno yaleyale. Nilimwona Nesi akishika nondo ya dirisha, akamtazama yule kikongwe, kisha akamtazama mtoto kwa muda mrefu kidogo.

"Sina sindano," akasema. "Na ningekuwa nayo, nisingempa." Akafunga dirisha, tukasikia komeo.

Weee! Mtaa ulilipuka. Roho mbaya! Analipiza kisasi kwa malaika wa Mungu! Bibi Redio akajitupa kizingitini, akawa anaupiga mlango kwa kiganja na kumlaani Nesi, uzazi wake na kaburi la mumewe. Fundi akapiga ngumi zake za useremala mpaka rangi ya kijani ikawa inabanduka. "Fungua! Dawa unazo humo! Fungua!" Kila mtu alikuwa na la kusema, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kutafuta usafiri. Mtoto aliendelea kuguna. Roho ilinichemka hata mimi, siwafichi. Nilijiuliza mwanamke gani anayeweza kusikia mguno ule akakaa kimya nyuma ya mbao.

Aliyevunja kikao alikuwa yule binti mpole. Sijui alizitoa wapi zile nguvu. "Mama," akamwambia mkwewe, "tusimame hapa mpaka lini? Hata wa kwanza tulimchelewesha hapahapa." Akageuka, akapasua watu kwa bega, akaenda zake barabarani na mwanawe kifuani. Fundi akasimama kidogo na ngumi yake hewani, kisha akamkimbilia. Wakapata pikipiki. Bibi Redio aliondoka mwisho kabisa, akiwa ameshatema mate mlangoni.

Watu walipotawanyika nilizunguka kwa nyuma. Mimi nina ruhusa ya mlango wa uani. Nilikwenda nikiwa na maneno yangu mdomoni, makali, nimeyanoa njiani.

Nilimkuta amekaa chini, mgongo ameuegemeza mlango, mikono yote miwili ameikalia. Ameikalia kabisa, chini ya mapaja, kama mtu anayezuia kitu kisitoroke.

"Wameondoka?" akaniuliza.

"Wameondoka."

"Wameelekea wapi?"

"Barabarani. Wamepanda pikipiki."

"Si nyumbani?"

"Si nyumbani."

"Umewaona kwa macho yako?"

"Nimewaona."

Akaitoa mikono. Ilikuwa imekufa ganzi, hata simu aliishika kwa shida. Alimpigia nesi wa wodi ya watoto kule hospitali kubwa, waliyesoma naye. "Anakuja mama na mtoto wa miezi minne, wako kwenye pikipiki. Kifua kinazama, hanyonyi tangu asubuhi. Mngojee getini, mwandalie hewa, usimpange foleni. Na usinitaje. Bibi yake akisikia jina langu atasusa hata dawa."

Alipokata simu akalia. Nikakaa chini kando yake, maneno yangu makali sijui yalikwenda wapi.

"Ningemgusa wangeridhika," akasema. "Hata ningempangusa tu na kitambaa cha maji, wangeridhika. Na wakiridhika wanarudi nyumbani kulala. Yule wa kwanza ndivyo nilivyomuua, kwa kuwaridhisha."

Nilimwambia hakumuua.

Mtoto alilazwa na hewa puani, akapona. Siku waliyorudi, redio ilifunguliwa tangu kituo cha pikipiki. "Hospitali kubwa kuna watu, jamani! Tumefika, nesi wao huyo getini, anatungojea na hewa yake mkononi kama aliyeoteshwa! Hata majina hatujaulizwa! Si kama hili shetani letu la hapa. Tungemsubiri huyu, leo tungekuwa tunagawana mkeka wa msiba!"

Nesi alinikataza kusema. Nilivumilia nilivyoweza, lakini siku moja bombani kisu kilifika kwenye mfupa. Nikamuuliza Bibi Redio, "Yule nesi wa getini, unadhani nani alimwambia mnakuja?"

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka ndala. "Amekupa nini huyo, msusi? Au siku hizi anakusaidia kusuka?" Wanawake wakacheka, ndoo zikaendelea kujaa. Mke wa fundi alikuwepo. Nilimwona akiinamisha macho. Yule anajua. Aliliona geti lile, na akili anayo. Lakini anakula kwa mkwe, analala kwa mkwe, na mwanawe anamwita mkwe bibi.

Tangu hapo hodi ziliisha. Hata kwa mlango wa nyuma. Sasa Jumapili Nesi anafua nguo zake zote bila kukatizwa, na chakula chake kipo mezani kingali moto. Mara mbili tatu nimemkuta ameketi mbele ya sahani, hajaanza kula, amegeuza sikio upande wa mlango.

Yule mtoto sasa anakimbia. Mtundu, miguu haitulii. Juzi alikuwa anafukuza mpira wa matambara, mpira ukavuka barabara ukagonga mlango wa kijani, naye huyo nyuma yake. Nesi alikuwa amekaa kizingitini anachambua mchele. Mtoto akasimama mbele yake, anahema kwa mbio, shati limekosa vifungo, kifua wazi kinapanda na kushuka. Akanyoosha mkono kutaka mpira wake.

Nesi akauokota, akampa. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza vidole vyake kumgusa.

"Toka hapo!" Sauti ya Bibi Redio ilifika kabla ya mwenyewe. Akamkwapua mtoto kwa mkono mmoja. "Nimekwambia mara ngapi? Huyo ndiye aliyetaka ufe!"

Mtoto akamtazama Nesi kwa macho ya woga, akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake, kisha akaokota kijiwe, akamtupia. Kiliugonga ungo wa Nesi, mchele ukamwagika kidogo. Bibi Redio hakumkemea.

Niliacha kichwa cha mteja, nikavuka barabara nikiwa nimeshakunja mikono ya blauzi. Nesi akanizuia kwa kiganja. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamfuata mtoto kwa macho mpaka alipofika kwao, anaburutwa huku anapiga kelele, kelele za nguvu, zisizokatika.

"Msikie," akaniambia, akarudi kuokota punje zake za mchele. "Kifua kizima kabisa."