Kitabu Nilichomficha Mdogo Wangu

Mama alipata kiharusi akiwa shambani Ipililo, akipalilia pamba. Baada ya wiki mbili za hospitali nilimleta nyumbani kwangu Bariadi, mkono wa kulia umelala na maneno yote yamemtoka. Lilibaki moja tu: mhola. Kwetu Wasukuma ndilo tunalojibia salamu, maana yake hali ni shwari. Basi mama akiwa na njaa alisema mhola. Akiumwa mgongo, mhola. Akitaka kupelekwa uani, mhola.

Miezi minne nilimuuguza peke yangu. Mimi ni fundi wa kushona, kwa hiyo niliihamisha cherehani kutoka sokoni nikaiweka barazani, nikawa nashona huku namsikiliza. Polepole nikaanza kuzitofautisha mhola zake. Ya njaa ilikuwa fupi na kavu. Ya maji ilipanda mwishoni. Ya maumivu ilianzia puani. Nilihesabu saba. Sikumwambia mtu, nikidhani kila anayeuguza mzazi hujua mambo kama hayo.

Ndipo mdogo wangu akaja.

Tumezaliwa wawili tu. Yeye anafundisha chuo kikuu huko Dar es Salaam, mambo ya lugha na akili: jinsi mtoto anavyojifunza kuongea, jinsi ubongo unavyoshika maneno. Mimi niliishia kidato cha nne. Tulipokuwa wadogo mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko, na hilo huwa nalisema hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Alishuka kwenye bajaji na begi moja la nguo na jingine la vitabu. Akapiga magoti mbele ya mama, akamshika mkono ule uliolala, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu."

Mama akamtazama. Midomo ikahangaika, kisha akamwita kwa jina lake. Lote, wazi kabisa, kama siku zile alipokuwa akituita kutoka mtoni.

Mdogo wangu alilia. Majirani waliokuwa barazani walipiga vigelegele. Na mimi nilipiga, kwa sababu walikuwa wananiangalia. Miezi minne nimemwosha, nimemlisha, nimemgeuza, na jina langu halijawahi kumtoka.

"Usiumie, dada," aliniambia tulipokuwa tunaosha vyombo. Alikuwa ameniona. "Neno linalotoka siyo lazima liwe la yule anayempenda zaidi. Ni njia tu ndani ya ubongo. Nyingine zimeziba, nyingine hazijaziba."

"Wewe umejuaje?"

"Imeandikwa," akasema.

Nilizidi kuumia. Yaani mama ataje jina lake, halafu na sababu za kulitaja aniletee yeye kutoka kwenye vitabu vyake.

Vitabu hivyo alivipanga juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Vilikuwa vinene, vyote vya Kiingereza. Kimoja kilikuwa na picha ya ubongo uliopasuliwa katikati kama kabichi, na hicho ndicho alichokuwa akienda nacho kila mahali. Alikaa na mama kila asubuhi, akimwonyesha kikombe, kijiko, jiwe, akiandika pembezoni mwa kurasa kwa penseli. Watu waliokuja kumjulia hali mama walianza kumuuliza yeye. Katekista, ambaye mimi ndiye niliyekuwa nikimpa habari kila Jumapili, alinipita mlangoni akaenda kumuuliza, "Mwalimu, mgonjwa wetu anaendeleaje?" Naye akajibu vizuri, kwa maneno ya kitaalamu, na katekista akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Siku mbili kabla ya safari yake ya kurudi Dar es Salaam, alipokwenda kuoga, nilikichukua kile kitabu cha kabichi nikakisukuma chini ya vitenge vya wateja, ndani ya sanduku. Mpaka leo siwezi kusema nilitaka nini. Labda nilitaka tu akose kitu.

Alikitafuta nyumba nzima. "Dada, hujakiona?"

"Mimi na Kiingereza wapi na wapi?"

Hakubishana. Aliondoka bila kitabu.

Wiki iliyofuata nilianza kukisoma. Mchana, wateja wakiwa wachache, nilikiweka juu ya cherehani pamoja na kamusi aliyoiacha binti yangu alipokwenda shule ya bweni. Ukurasa mmoja ulinichukua siku mbili. Mengi sikuyaelewa. Nilielewa kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio hasa unaoshughulika na maneno, na kwamba kuna watu wasioweza kusema sentensi lakini wanaweza kuimba. Nikamwanzishia mama wimbo wa kanisani wa Kisukuma. Akaudaka! Maneno yote, mstari mzima, halafu akaduwaa kama aliyeshtuliwa na sauti yake mwenyewe. Nilifurahi mno, na papo hapo nikakasirika, kwa kuwa furaha hiyo nilikuwa nimeiiba.

Mbele zaidi nikakuta maandishi ya penseli ya mdogo wangu, kwa Kiswahili: "Mama anasema mhola, mimi nasikia moja. Dada anainuka kabla sijajua mama anataka nini. Anasikia nini?"

Nilifunga kitabu. Jioni ile nilimpigia simu.

"Kitabu chako ninacho."

"Najua," akasema. "Niliona kona yake siku ile natafuta khanga ya mama kwenye sanduku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilifikiri labda unakihitaji."

Nilitamani angenitukana. Hata katika wema alikuwa amenishinda, nikakata simu nikisingizia mtandao.

Pamba ilipovunwa alikuja tena. Wakati huo mama alikuwa na maneno kama kumi: minzi akitaka maji, wabeja akishukuru, na mengine ya chakula. Jina langu halimo. Mimi pia ananiita kwa jina la mdogo wangu, nami naitika. Mdogo wangu alikaa mkekani karibu na cherehani, akafungua daftari.

"Dada, nifundishe. Ya njaa ikoje?"

Nikamfundisha ya njaa. Nikamfundisha ya maji, ya mgongo, na ya uani. Aliirudia kila moja kwa sauti mpaka mama akacheka. Alikosea sana. Nilimsahihisha kama zamani pale kwenye ukuta wa jiko, na kwa nusu saa nzima sikumwonea wivu wowote.

"Ni hizo tu?" akauliza, kalamu mkononi.

Ilikuwa imebaki ile anayoisema nikichelewa kurudi kutoka sokoni, ile ya kutaka nimsuke nywele, na ile anayoisema bila kutaka kitu chochote, akiniangalia tu nikishona.

"Ni hizo tu," nikamwambia.

Akaandika nne, akapiga mstari chini yake. Mama alitutazama wote wawili, kisha akageukia dirishani.