Mémoire ya Mama Pulchérie

Katika mji wote wa Baraka hakuna mwanamke aliyesikia teolojia nyingi kumpita Mama Pulchérie, mpishi wa chuo cha mapadri. Chuo kile kilijengwa ili mapadri warudi darasani, wapate licence, yaani digrii, kisha wakafundishe wenzao Kilembwe na Mboko bila kupelekwa Ulaya. Miaka kumi na miwili Pulchérie alisonga bukari, ugali wa kwao, nyuma ya darasa, dirisha wazi. Padri akitetea mémoire yake, ile kazi ya kumaliza masomo, mbele ya jury ya walimu, hakuna kula mpaka jury imalize, na jury ilipenda maneno.

Vita vya 1998 vilipofika, wanafunzi walivuka ziwa kwenda Kigoma, na walimu wakawafuata. Akabaki Padri Norbert, mzee wa miguu mibaya, na Pulchérie, ambaye chumba chake kimoja ndani ya ua wa chuo ndicho kilikuwa nyumba yake duniani.

Asubuhi moja akaingia Komanda Fabien na askari wake.

"Nyumba isiyo na kazi ni ya jeshi," akasema. "Hapa kuko banafunzi?"

"Kuko," Padri akajibu, kisha akatazama dari.

Pulchérie akafuta mikono kwenye kitenge. "Mwanafunzi ni mi. Kesho natetea mémoire."

"We mama? Ulisoma wapi?"

"Primaire, miaka sita, kwa bamasista. We ulifika la ngapi?"

Askari mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Nitakuja kuona," Komanda akasema. "Kama ni bongo, kama mnanidanganya, nachukua vyumba vyote, na chako pia."

Basi sheria ya chuo ilitaka jury ya watu watatu, na Padri Norbert hakuwa mtu wa kuvunja sheria, hata nchi ikiungua. Wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Wa pili akapatikana Pasteur Élie, jirani Mprotestanti aliyekuwa amekuja kuazima chumvi. Wa tatu hakuonekana. Kesho yake Padri akamketisha Komanda mwenyewe kwenye kiti cha tatu. Kumbe kabla ya vita Fabien alikuwa katekista; akavua kofia, akaomba kalamu.

Pulchérie akasimama na kuuliza: siku Yesu alipolisha elfu tano, vile vikapu kumi na viwili vya mabaki vilitoka wapi?

"Biblia inahesabu wanaume tu," akasema. "Wale wasiohesabiwa ndio walikuja na vikapu. Mwanaume gani anatembea na kikapu?"

"Na muujiza uko wapi?" Komanda akauliza.

"Ni mabaki, Komanda. Uliona wapi wanaume elfu tano wanabakisha chakula?"

Pasteur akampa kumi na tano juu ya ishirini, Padri kumi na nne. Komanda akafikiri sana, akaandika sita.

"Hakutaja kitabu hata kimoja," akasema. "Padri, sheria inasema nini?"

"Mmoja akitoa chini ya kumi, mwanafunzi ni ajournée, hajapita. Anarudi kutetea tena second session, baada ya miezi mitatu."

"Basi mwanafunzi angali yuko, na chuo kiko na kazi." Komanda akageukia askari wake. "Tutafute nyumba ingine. Hapa batu banasoma."

Wakatoka. Padri Norbert akapiga magoti kushukuru, lakini Pulchérie alikuwa amekwisha kufika barabarani.

"Komanda! Sita? Sita juu ya nini? Rudi hapa unielezee!"

Padri akamfikia akichechemea, akamvuta kitenge. "Nyamaza, binti yangu. Nyumba umeipata."

"Nyumba nilikuwa nayo, Padri. Mi nataka points zangu."