Dizeli Iliyooshwa kwa Sabuni

Nyuma ya soko palikuwa na yadi ya malori. Pale wote waliitwa kwa majina yao, ila mwanamke aliyesimamia pampu ya dizeli: yeye alikuwa Mama Safi. Jina lilimkaa. Dereva akidondosha hata tone, atasikia: "We baba, kwenu mkimwaga chai mnairuka?" Madereva walicheka, wakainama, wakafuta.

Ndiyo maana siku dizeli ilipomwagika mikononi mwake mwenyewe, haya zilimshika kabla ya hofu. Alikuwa akijaza tangi la lori asubuhi, akageuka kumkaripia dereva aliyetema mate sakafuni. Akakaripia, akanogewa. Kugeuka tena, tangi limefurika na dizeli imetanda mpaka ukutani.

Ukutani hapo maagizo yalichorwa kwa rangi nyekundu: funga pampu, mwaga mchanga, piga simu ofisi ya mazingira, na namba yao chini yake. Pampu aliifunga. Lakini mchanga huacha doa, na doa lingeonwa na kila dereva aliyewahi kusemwa. Akachukua dumu la sabuni ya maji, akasugua hadi sakafu ikang'aa.

Yadi ile ilikuwa na shimo la kunasia mafuta. Mafuta huelea yakabaki, maji yakapita chini kwenda mferejini. Yakikorogwa na sabuni, hata hivyo, hayaelei. Yanapita na maji bila kuaga. Mama Safi alifundishwa hayo. Siku ile aliona doa tu.

Kesho yake wifi yake, dada wa mumewe aliyelima mboga kando ya mfereji, aliingia na kifurushi cha majani yaliyonyauka.

"Wifi, nusa!"

Akanusa. Ilikuwa dizeli.

"Ni huyu Fundi Gia," wifi akasema, akinyoosha kidole kwenye gereji ng'ambo ya mfereji. "Mtu mwenyewe ukimkamua unapata lita nzima! Maana huku kwako, wifi yangu, hata inzi anafuta miguu kabla ya kutua."

Watu waliokusanyika wakaangua kicheko. Fundi Gia akaja mbio, mikono myeusi tii.

"Jamani, mafuta machafu mimi natia kwenye pipa. Njooni mlione!"

"Pipa lako linavuja kama mdomo wako!" wifi akamjibu.

Fundi akamgeukia Mama Safi. "Jirani, umewahi kuniona nikimwaga?"

"Sijawahi," akajibu kwa sauti ndogo, akaishia hapo.

"Asante, dada. Mungu akuweke."

Shukrani ile ilimchoma kuliko tusi. Mwenye kiwanja cha gereji alikwisha kuitwa, na neno lake lilikuwa moja: fundi ahame leo hii. Mama Safi akamwona fundi akipakia spana zake kwenye toroli, moja moja, kama mtu anayetumaini kuitwa arudi.

Akaenda ukutani, akapiga namba ile.

"Nataka kuripoti dizeli iliyomwagika."

"Imemwagika lini, mama?" akauliza afisa.

"Jana."

"Jana, na leo ndiyo unapiga? Mmeizuia kwa kitu gani?"

"Nimeiosha. Kwa sabuni."

Afisa akashusha pumzi. "Mama, ingebaki hapo sakafuni tungeizoa kwa koleo. Sasa ni kufuata mfereji wote. Nani aliyemwaga?"

Hakuhitaji kugeuka kujua wifi amesimama nyuma yake, na Fundi Gia na toroli lake. Angeweza kusema ni dereva wa lori.

"Mimi. Fundi wa gereji hahusiki kabisa. Andika hivyo, tafadhali."

"Ziba mfereji kwa magunia ya udongo. Tunakuja."

Alipogeuka, wifi hakuwa na utani tena.

"Jana jioni ulipita bustanini."

"Nilipita."

"Ukaniambia mboga zimenawiri."

"Nilikuambia, wifi."

Wifi akaweka kifurushi juu ya pampu, taratibu, akaondoka bila kuaga.

Mama Safi akashuka mferejini na gunia, akaanza kuchota udongo kwa mikono. Punde Fundi Gia akashuka na koleo, akajaza gunia la pili, akamsogezea. Mama Safi alingoja amtukane. Fundi akamwambia tu, "Shika hapo, dada, lisimwagike." Akashika, akiwa ameinamisha uso, asijue pa kuuelekeza.