Waya Chini ya Zulia la Khalti

Baba alipopata kiharusi, Kiarabu kilimtoka. Alirudi nyumbani Ibra kutoka hospitali na mkono mmoja mzima, mguu wa kuburura, na Kiswahili cha Unguja alichokulia. Kiarabu alichokitumia Oman miaka thelathini, ofisini na sokoni, kilifutika; zilibaki sura zake za sala tu. Mkewe, mama yangu wa kambo ambaye mie nikimwita khalti, ni mzaliwa wa Sharqiya, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "njoo" na "chai". Alimlisha, akamwogesha, akamgeuza kitandani, wala hakujua mumewe anasema nini.

Mimi nilikuwa nikisomesha skuli, mji wa Samad. Nikitoka alfajiri, nikirudi mchana na mzigo wa madaftari ya kusahihisha, na hata viatu sijavua khalti ataniambia, "Nenda kwake. Maneno yamemjaa."

Nilikwenda. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Kisha nikikaa pembeni ya kitanda, macho mazito, nikiyangoja maneno yake yatoke moja moja.

Dada yake mkubwa, shangazi yangu, alibaki Unguja. Simu haikuwafaa. Baba alikuwa akilitafuta neno hata dakika nzima, na shangazi akidhani laini imekatika, akikata. "Ningekuwa namuona uso," aliniambia, "ningejua kama anafikiri au amechoka." Binti yake alifanya kazi kwenye ofisi yenye kompyuta na kamera, na Jumamosi alasiri angeweza kumpeleka. Sisi tulikuwa na kompyuta kuukuu aliyotuachia kaka yangu. Kamera nilinunua. Lakini tundu la waya wa mtandao lilikuwa limekufa, na fundi akasema halifai kutengenezwa. Ninunue adapta, kidude kinachochomekwa kwenye tundu la USB.

"Unataka ya waya au isiyo na waya?" aliniuliza muuzaji wa Ibra.

Modemu, kisanduku cha kuletea mtandao, ilikuwa sebuleni kwa khalti, karibu na simu, na baba alilala chumba cha mwisho. Sebule ile ndiyo aliyopokelea wanawake wa mtaa kwa kahawa na tende kila asubuhi, na alishanionya kwamba hataki kuona waya ukipita hapo, wageni wakajikwaa.

"Isiyo na waya," nilisema, na boksi sikulisoma.

Nilipoichomeka, kompyuta haikuitambua. Nikatia diski iliyokuja nayo, ikakataa: inataka Windows mpya zaidi. Siku tatu nilijaribu, kila nikirudi kazini, na baba ananitazama kutoka kitandani bila ya kuuliza. Mwisho nikairudisha dukani, na yule bwana akaniambia nyingine hana.

Alkhamisi iliyofuata walimu tulikuwa na semina Nizwa. Ilipokwisha nikaenda kwenye duka la kompyuta nyuma ya soko. Muuzaji alikuwa Mhindi wa makamo, mpole, akisema Kiarabu cha kazini.

"Kompyuta yenu ina Windows gani?"

Sikujua. Nikampigia khalti, nikamwomba aiwashe kompyuta aniambie kilichoandikwa mwanzo.

"Mimi herufi zao sizijui," alisema.

"Nambari je?"

Nilimsikia akihema karibu na simu. "Kuna mawingu. Kuna madirisha ya rangi. Halafu tisa, na ile iliyo chini ya tano kwenye simu."

"Tisini na nane," nikamwambia muuzaji.

Akaniletea maboksi mawili, akayaweka mbele yangu. La kwanza adapta isiyo na waya, la pili ya waya. "Zote mbili zinakubali tisini na nane. Kuta za kwenu nene?"

"Nene. Na vyumba vinne katikati."

"Basi hii isiyo na waya sitaki kukuuzia. Leo itashika, kesho itakatika, utanilaani." Akaligusa boksi la pili. "Chukua hii, na waya mrefu. Tia diski kwanza, adapta baadaye."

Nilisimama pale muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Nilikuwa nakiona uso wa khalti. Nikachukua ya waya.

Njiani nilisimama Bidbid, kwenye njia panda ya kwenda Ibra, nikanunua chai ya maziwa. Niliamka ndani ya gari chai imeshapoa, sijainywa hata nusu.

Khalti alinikuta mlangoni, macho yake kwenye lile bunda la waya.

"Tulisemaje?"

"Khalti, sina nguvu ya kubishana. Nimeuchagua huu kwa sababu utafanya kazi."

"Na mimi unadhani nina nguvu? Wewe angalau unamuelewa. Mimi mchana kutwa nasemeshwa kama na redio ya nchi nyingine." Kisha akaanza kuondoa matakia, moja baada ya jingine, akapiga magoti, akainua pindo la zulia lake. "Shika upande ule."

Tuliupitisha waya chini ya zulia hadi ukumbini, tukaubandika ukutani hadi kwa baba. Nikatia diski kwanza, adapta baadaye. Taa ndogo ya kijani ikawaka.

Jumamosi shangazi alitokea kwenye kioo cha kompyuta, kilemba cheupe, uso ukikatika vipande na kuungana. Baba alimtazama. Midomo ikacheza. Shangazi akangoja.

"Dada," baba alisema mwisho. "Umezeeka."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho. "Na wewe umekuwa kijana?"

Walizungumza hivyo, kwa vipande. Mara baba akainua mkono mzima, akapaza sauti: "Anueni! Anueni!"

Nikamweleza shangazi kuwa ndivyo anavyofanya kila alasiri, na khalti, tangu nimtafsirie neno hilo, hukimbilia uani kuanua nguo, hata zikiwa mbichi, ili atulie.

"Si nguo," shangazi alisema. "Ni karafuu. Alikuwa na miaka saba, akaachiwa majamvi zilikoanikwa ayalinde, usingizi ukamchukua. Mvua ikazikuta. Marehemu baba alimpiga, sisi tunatazama." Akaisogelea kamera. "Niitie mkewe."

Khalti akasogea, akajifunika vizuri. Mimi nikawa mkalimani. Shangazi akamfundisha neno moja, polepole, kama anayemfundisha mtoto: zimeshaanuliwa. Khalti akalikosea mara tatu. Ya nne akamgeukia mumewe.

"Zimeshaanuliwa."

Baba akamtazama kwa mshangao. "Zote?"

Nikamtafsiria khalti. "Zote," akajibu, kwa Kiswahili.

Mkono ukashuka juu ya shuka.

Baba aliishi miezi saba baada ya hapo. Sitasema mambo yalikuwa mepesi. Jumamosi nyingine mtandao haukuwepo, nyingine baba alilala huku shangazi akimwita, na mwishoni alimwita dada yake kwa jina la mama yao, naye akaitika. Mimi niliendelea kwenda Samad na kurudi.

Jumamosi ya kwanza baada ya matanga sikuiwasha kompyuta. Ya pili khalti alikuja mwenyewe chumbani, akakaa mbele ya kioo, akaniambia nimuite wifi yake. Walikaa wakitazamana, hawana lugha ya pamoja, na mimi katikati yao na madaftari mapajani. Shangazi akauliza, "Unakula?" Nikatafsiri. Khalti akasema anakula kidogo. Nikatafsiri hilo nalo.