Kiazi cha Supu na Filimbi ya Shaba

Sisi tuliolelewa mtaa wa Shauri Moyo miaka ile injini za treni za moshi zilipokuwa zikistaafishwa, hatukuhitaji saa. Asubuhi ilianza kwa foleni ya ndoo kwenye mfereji, na jioni iliingia mafundi wa mabati waliponyamazisha nyundo zao. Katikati tulijificha na kutafutana kwa brikicho, tukapiga gololi za bano hadi magoti yakawa meupe kwa vumbi, tukarudi nyumbani kugombania githeri ya mahindi na maharagwe kwenye sahani moja. Wajukuu wangu siku hizi huchoka vidole gumba tu. Sisi tulichoka mwili mzima, na wengi wetu tulisinzia kabla sala ya usiku haijafika Amina.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli. Alinipa jina la mama yake mzazi, na kwetu magharibi msichana wa namna hiyo huitwa mama na babake mwenyewe. Hachapwi. Nani atamchapa mamake? Kaka yangu Wafula alichapwa makosa yake na mengine yangu, na hadi leo analalamika kwamba sikuwahi kuonja ule mshipi. Wakati huo niliona ni bahati.

Msimamizi wa Baba alipokuwa akirudi kwao Ulaya, alimwachia sanduku la vipande vya shaba vya kuunda injini ndogo, urefu wa mkate. Vilikuwemo vipande vya ukubwa wa punje ya mchele: taa, vishikio, kofia ya tangi, filimbi. Zile injini kubwa alizozitengeneza maisha yake yote zilikuwa zikikatwakatwa ziuzwe kama vyuma chakavu. "Nataka ibaki moja," alimwambia Mama.

Alifanya kazi hiyo Jumamosi mchana, mlango ukiwa wazi. Alipasha kwenye jiko la makaa chuma chenye kichwa cha shaba, akapaka dawa inayowasha pua, kisha akagusisha lehemu, ule waya laini wa risasi na bati. Nami nilishika vipande kwa koleo. Alinifundisha nipashe shaba, nisipashe lehemu, kwa kuwa shaba ikiwa tayari lehemu hukimbilia yenyewe. Na kabla ya kuunga kipande kipya alikata kiazi kibichi, akavifunika vile alivyokwisha kuviunga kwa vipande vya kiazi vyenye maji, ili joto lisivifikie likayeyusha lehemu na kuviangusha. Mama aliteta kwamba viazi ni vya kula. Jirani yetu Otieno, Mjaluo mwenye mdomo, alisimama mlangoni akauliza treni hiyo itabeba kuku wangapi kwenda kwetu Bungoma, maana watu wa kwetu tunataniwa kwa kupenda kuku. Baba aliendelea kukata kiazi.

"Funika kazi ya jana, mama," ndilo neno aliloniambia mara nyingi kuliko yote. "Kisha ndipo uanze ya leo."

Mvua za masika zilipokwisha, kifua chake kilikuwa kimeharibika na macho yalikuwa yameingia ukungu. Ilikuwa imebaki filimbi peke yake. Aliijaribu mara tatu, na mara tatu ikadondoka, tukapiga magoti kuitafuta sakafuni. Hospitali ilikuwa imemwambia aende Jumatatu kulazwa. Alituambia kwa utulivu kwamba angefurahi kuiacha imekamilika.

Jumamosi ile Mama alikuwa kwenye ushirika wa akina mama kanisani, na Baba alikuwa amelala. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikapasha chuma. Kikapuni kilikuwemo kiazi kimoja, na kilikuwa cha supu ya Baba. Nilikishika, nikakirudisha. Nikajiambia filimbi ni kitu kidogo, joto lake haliwezi kufika mbali.

Ilishika. Nilikuwa ninamshukuru Mungu wakati kofia ya tangi ilipoinama. Taa ikafuata, kisha vishikio, kimoja baada ya kingine, bila kelele, kazi ya Baba ya miezi saba. Niliviokota nikavitia kwenye kasha tupu la kibiriti.

"Nasikia harufu ya lehemu," Baba alisema kutoka kitandani. "Umemaliza, mama?"

"Nimemaliza, Baba."

Akanyoosha mkono. Sikuwa na la kufanya ila kumpa. Vidole vyake vilitembea mgongoni mwa injini, vikasimama mahali pa taa, vikasimama tena mahali pa kofia. Vikaendelea hadi vikaikuta filimbi, imesimama peke yake.

"Filimbi imeshika," alisema. "Imeshika vizuri."

Akanirudishia, akageukia ukutani. Nilingoja aseme neno, hata kali. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilimwonea Wafula wivu kwa mshipi wake. Mama alirudi akaipika ile supu, na Baba hakuweza kuimaliza. Jumatatu alikwenda hospitalini. Alhamisi alirudishwa akiwa amefunikwa.

Namshukuru Mungu kwa miaka aliyonipa, na uongo ule nimekwisha kuutubu. Injini iko nyumbani kwangu Buruburu, na kile kibiriti chenye vipande kiko kando yake. Mjukuu wangu ameniambia, "Shosh, si kuna gundi? Dakika moja tu." Ni mtoto mwema. Siku hizi kitu kikivunjika hupakwa gundi au hutupwa, na jioni hakuna anayenusa lehemu mlangoni. Sikumkaripia, kwa maana yeye nimempa jina la Baba.

Lakini nikimenya viazi, hata vikiwa vichache na wageni wakiwa wengi, kimoja huwa nakiacha kibichi juu ya meza.